Nishani Zilizopita Ngomeni

Kila tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri, wako Wakenya wasioisikiliza hotuba ya rais kwa ajili ya hotuba. Wanangoja orodha. Humo ndimo majina ya waliotunukiwa yatakamotokea: EGH ya Moyo wa Dhahabu, EBS na CBS na MBS za Mkuki Uwakao, OGW, kisha HSC, pongezi za mkuu wa nchi, yenye fungu la raia na fungu la wanajeshi. Wanajeshi hawakosi, na wa jeshi la anga wamo. Kuanzia hapo herufi zile huandamana na jina popote liendako, kwenye kadi za harusi, kwenye kibao cha mlango wa ofisi, na hatimaye kwenye tangazo la kifo gazetini, ambako mara nyingine huwa ndefu kuliko jina lenyewe.

Tarehe hiyohiyo mwaka 1970, nchi ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, katika Ghuba ya Ungwana, sehemu ambayo leo ni eneo bunge la Magarini. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Makaratasi ya NASA yaliiita SAS-1. Msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, akaipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya watu waliowapokea. Jina likashika. Fungua kitabu chochote cha historia ya astronomia, utalikuta, na mara nyingi bila neno lolote juu ya mikoko, mashamba ya chumvi na ngalawa za Ngomeni.

Nimekuwa nikizifuata heshima zilizotokana na kituo kile, moja baada ya nyingine, nione ziliishia kwa nani. Townsend alitunukiwa na serikali ya Italia mwaka 1972 kwa mchango wake katika ushirikiano wa anga wa Italia na Marekani. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyeongoza kundi la wanasayansi wa Uhuru huko Marekani, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Setilaiti ile ilikuwa imeorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani na kusaidia kutambua kwamba huko kwenye kundinyota la Cygnus huenda kuna shimo jeusi. Luigi Broglio, profesa wa Roma na afisa wa Jeshi la Anga la Italia, ndiye aliyebuni mradi mzima wa San Marco, wa kurusha setilaiti kutoka Ngomeni. Italia humwita baba wa safari zake za anga. Alifariki Januari 2001. Kuna sayari ndogo inayozunguka jua ikiwa na jina lake, na kituo chenyewe cha Ngomeni sasa kinaitwa kwa jina lake.

Sina ugomvi na yeyote kati ya hao. Broglio alikuwa na akili ya kuona jambo ambalo wengi hawakuliona. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mwendo wake ni mkubwa zaidi kwenye ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa hapo kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Ngomeni iko chini kidogo ya digrii tatu kusini mwa ikweta, na mbele yake ni maji matupu, kwa hiyo vipande vya roketi huanguka baharini. Italia haikuwa na ufuo kama huo. Ikaleta majukwaa mawili: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea, ambalo lilikuwa limejengwa kwa kazi ya mafuta. Kati ya 26 Aprili 1967 na 25 Machi 1988 setilaiti tisa ziliondoka pale, nne za Italia, nne za Marekani na moja ya Uingereza.

Setilaiti tisa zikarushwa, na watu wa kutoka nchi kavu hadi kwenye majukwaa walivushwa na nani? Nani alijua mkondo unavyogeuka kaskazi inapokaza? Nani alipika, alilinda usiku, alichomelea, alikwangua kutu kwenye chuma kinachoishi ndani ya chumvi? Wenyeji walifanya kazi pale, kila mtu wa Ngomeni na wa Gongoni jirani analijua hilo, na wengine walizeeka humo. Ila utafute jina moja katika orodha ya heshima nilizozitaja. Halimo.

Mtu anaweza kusema: nahodha wa boti hakuvumbua shimo jeusi. Kweli. Nishani si mshahara, wala haidaiwi kila aliyekuwepo. Lakini ukizitazama nishani za kijeshi na za anga kwa karibu utaona kwamba kinachotolewa hasa ni karatasi. Karatasi hiyo inasema nani, cheo gani, tarehe gani, alifanya nini, na afisa gani alishuhudia. Chuma na utepe hufuata baadaye. Kitendo kisichoonwa na mtu mwenye cheo, au kilichoonwa na mtu mvivu wa kuandika, hakina nishani hata kiwe cha ushujaa wa kutisha. Katika mambo ya ndege hali ni kali zaidi. Rubani ana kitabu chake, kila saa aliyoruka imeingizwa humo na kuhesabika kuelekea cheo. Fundi naye ana sahihi yake katika kitabu cha matengenezo, lakini sahihi ile huwekwa ili atafutwe ndege ikianguka. Ndege isipoanguka hakuna amtafutaye.

Pwani hii ya Kilifi ina mfano wa zamani wa jambo hili. Takaungu, kusini ya mji wa Kilifi, palikuwa na nyumba ya Mwingereza Denys Finch Hatton, mwindaji anayejulikana zaidi kwa vitabu na filamu kuliko kwa vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipigana Afrika Mashariki pamoja na kikosi cha maskauti Wasomali, akapata nishani ya Msalaba wa Kijeshi. Baadaye akanunua ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Tarehe 14 Mei 1931 ilianguka na kuwaka moto mara tu baada ya kupaa Voi. Kaburi lake liko vilima vya Ngong, na nguzo ya ukumbusho juu yake, watalii huenda kulitazama. Ndani ya ndege ile walikuwa watu wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu, anayetajwa kwa jina moja tu, Kamau. Simlaumu Finch Hatton kwa hilo, alikuwa amekufa. Nawatazama waliobaki na kalamu.

Na kalamu hizo zilikuwa na kazi nyingi miaka ile. Vita vya Kwanza vilipoanza, Wagiriama wa pwani hii walikuwa tayari wakiipinga serikali ya kikoloni. Tarehe 4 Agosti 1914, siku Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, huku kwetu Kaya Fungo, kaya yao takatifu, ililipuliwa kwa baruti. Mekatilili wa Menza, aliyeongoza upinzani huo, alikuwa amekamatwa mwaka uliotangulia pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, wakatoroka Januari na kurudi kwa miguu hadi pwani. Masharti ya amani yalikuwa mazito: faini ya rupia 100,000, vijana 1,000 wa kazi, na Wagiriama wote kuhama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Ng'ambo hiyo ndiyo Magarini. Mekatilili alikamatwa tena, akarudi baada ya vita, akafia huku, na kaburi lake liko Bungale. Leo ana bustani na sanamu mjini Malindi, na jina lake husomwa shuleni. Heshima hizo zilimfikia kwa kuchelewa kwa takriban miaka tisini, nazo zimetoka kwa serikali iliyorithi ofisi zilezile zilizomfunga.

Wapagazi hawakubahatika hata kwa kuchelewa. Afrika Mashariki nzima ilichukuliwa vijana kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya jeshi, wakafa kwa homa, kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, yaliyotokana na jina la kikosi chao, ndiyo makumbusho yao makubwa, ambayo wao wenyewe hawakuyajua. Katikati ya Nairobi, barabara ya Kenyatta, kuna sanamu ya watu watatu wa shaba yenye maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Maandishi yale yanamwahidi aliyekufa vitani kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wakafikia 350,000. Ukisikia nambari inayoweza kuwa hii au mara tatu yake, ujue daftari halikuwepo.

Basi nikamwendea mzee mmoja wa Gongoni, fundi wa ndege mstaafu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Alijiunga na jeshi la anga miaka ile ambayo halikuitwa Jeshi la Anga la Kenya. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa, na jeshi lao zima likavunjwa. Lililoundwa mahali pake likaitwa Jeshi la Anga la 82, na jina la Kenya halikurudishwa hadi mwaka 1994. Wengi waliokuwa na rekodi safi walirudi makwao bila kitu. Heshima ya mtu mmoja mmoja, iliyojengwa kwa mwaka baada ya mwaka, ilifutwa kwa jumla asubuhi moja. Vijana walioajiriwa baada ya hapo, kama mzee huyu, walihesabu miaka yao ya kwanza chini ya jina ambalo siku hizi halimo katika orodha ya vikosi.

Mkewe alileta sanduku la bati. Juu kulikuwa na hatimiliki ya shamba, chini yake vyeti vya kuzaliwa vya watoto, chini zaidi vyeti vya jeshi, na medali ikiwa imekunjiwa kitambaa.

"Hii ulipewa kwa lipi, baba?"

"Kwa kutokosa, mwanangu. Miaka mingi bila kosa."

Nikataka kujua kwa nini imewekwa chini kabisa. Akacheka. Hiyo, alisema, tangu atoke jeshini hakuna mtu aliyemwuliza. Kilichoulizwa ni cheti cha kuachia kazi, chenye mstari mmoja juu ya mwenendo wake. Kwa mstari ule alipata kazi ya ulinzi katika hoteli moja ya Watamu, na kwa kazi ile akasomesha. Alikisoma cheti kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya ndugu, kisha akakirudisha mahali pake, chini ya hatimiliki.

Wanaodharau nishani husema ni bati tu. Mzee huyu hakuidharau yake. Kitambaa kile kilikuwa safi. Alikuwa amezipanga karatasi zake kwa kadiri zilivyomfaa, na kwa mpango huo shamba linatangulia. Ukumbuke kwamba katika Magarini hatimiliki ni kitu ambacho jirani zake wengi hawana, baada ya mradi wa makazi uliofadhiliwa na Australia na ahadi nyingine za aina hiyo. Mwenye karatasi ya ardhi anaweza kuiweka medali chini yake bila kuitukana.

Nilimfikiria tena Aprili 2024. Tarehe 18 ya mwezi ule helikopta ya jeshi ilianguka huko Sindar, Elgeyo Marakwet, ikamwua Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, na maafisa na askari wengine tisa. Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita kabla ya yote. Alijiunga na jeshi mwaka 1984, akapata mafunzo ya urubani Marekani, akaongoza Jeshi la Anga, na mwaka 2023 akawa mkuu wa wote. Mfuatano wa herufi nyuma ya jina lake ulijaza mstari. Alizikwa tarehe 21, kwao Siaya, bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza, na wala hakutaka mazishi yacheleweshwe. Mizinga ilipigwa, maafisa walivaa medali zao zote, kisha mwili ukashushwa ukiwa katika sanda. Nchi ilizungumza juu ya jeneza wiki nzima. Mimi nilivutiwa zaidi na tofauti kati ya alichoweza kukataa na asichoweza. Jeneza ni lake, aliweza kulikataa. Mizinga ilikuwa ya jeshi, na jeshi lilihitaji kuipiga. Wiki mbili baadaye Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuongoza Jeshi la Anga, mwanamke wa kwanza kuongoza kikosi kizima nchini, na picha za kwanza magazetini zilikuza kifua chenye riboni. Ndivyo tulivyozoea kumsoma mwanajeshi, kuanzia kifuani.

Wagiriama walikuwa na nishani yao kabla ya hizi zote. Mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na elimu ya mambo ya jadi, alipokufa, huenda baada ya miaka angemjia ndugu katika ndoto akilalamika kwamba amesahauliwa. Hapo familia ingemwita fundi achonge kigango, nguzo ndefu ya mti mgumu, yenye kichwa cha duara na mwili uliojaa nakshi za pembetatu, na kukisimika karibu na boma kwa tambiko. Mtu wa kawaida alipata koma, kijiti kifupi kisicho na nakshi. Nisijidanganye hapa, wala nisiwadanganye vijana wanaoamini kwamba cha zamani kilikuwa cha haki: Gohu iliingiwa kwa karamu, na karamu ni ng'ombe na tembo la mnazi, hivyo maskini walibaki nje. Nao ulikuwa ni chama cha wanaume. Mekatilili mwenyewe asingechongewa. Ila kigango kina jambo ambalo medali haina. Mwenyewe hakivai. Hukipata akiwa hayupo, na anayekidai ni yeye aliyekufa, na wanaodaiwa ni jamaa wanaomjua kwa jina, na kikisimikwa hakihami hata boma likihama.

Hakipaswi kuhama, niseme. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango kwa mamia viling'olewa usiku na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia katika majumba ya makumbusho na sebule za Marekani. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, lakini ubishi juu ya ushuru wa forodha ulivichelewesha njiani miaka kadhaa; nishani za wafu zilidaiwa kodi kuingia kwao. Na vilipofika havikwenda Kilifi moja kwa moja, kwa kuwa havikuwa na majina. Mwizi hakuandika alikoving'oa wala vilikuwa vya nani, na kigango kisichojulikana cha nani hakina familia ya kukisimika.

Viwili vilipata njia nyingine. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee mmoja wa Kilifi amesimama kando ya vigango vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ilipita, mzee akafa, na siku moja kimojawapo kikatambuliwa katika jumba la makumbusho la Illinois, na cha pili katika jumba la chuo kikuu huko Virginia. Kwa ushahidi wa picha ile vyote viwili vilirudi mwaka 2007, na familia ikapokea.

Picha za mradi wa San Marco nazo zipo, nyingi, zilizopigwa na Waitaliano wenyewe kwa ajili ya taarifa na kumbukumbu zao. Katika baadhi ya nilizoziona kuna vijana wa Kiafrika kwenye boti, wengine wameshika kamba, mmoja amegeuka kuitazama kamera. Maelezo ya chini hutaja roketi. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Uhuru amepita sabini na tano sasa, na Ngomeni si mji mkubwa. Ukiziweka picha hizo mezani kwenye mkahawa karibu na gati, asubuhi moja ingetosha kupata nusu ya majina. Kenya ina Shirika la Anga chini ya Wizara ya Ulinzi, na setilaiti yake ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California. Ina pia Sheria ya Nishani za Kitaifa ya mwaka 2013, na kamati inayopokea mapendekezo kutoka kwa wananchi. Sidhani wazee wale wanangoja OGW. Lakini mtu akienda na picha, aende pia na kalamu, na aanze na manahodha, kwa sababu wao ndio waliobaki wachache.